Mwaka wa Doa la Tatu

Hitma ya arobaini ya Dokta Hidaya ilisomwa Chamazi, nyumbani kwa mdogo wake, na ubwabwa ulikuwa mzuri, sitaki kusema uongo. Kilichonichefua ni maneno. Shehe aliyepewa wasifu wa kusoma, ambaye kwa kweli hakumjua marehemu, alisema alikuwa mwalimu wa hesabu, mcheshi, mpenda watu, na kwamba enzi za uhai wake alipenda sana kuangalia nyota. Wanawake tuliokaa mkekani wakaitikia vizuri tu. Mie nikatoka nje kumtafuta Gaudensi, nikamkuta chini ya turubai la wanaume, nywele zimeanza mvi, sahani iko magotini. Tulikuwa hatujaonana miaka mingi. "Umesikia?" nikamwambia hata kabla ya salamu. "Eti alipenda kuangalia nyota." Akatafuna, akameza, akasema, "Sista Mwana, si ungeandika wewe? Mie mtu wa hesabu. Wewe ndo una mdomo." Basi naandika. Mtu hawezi kufanya kazi ile halafu akaagwa kama bibi aliyekuwa anakaa barazani anatazama mwezi. Mwaka mzima niliokaa naye sikumwona akiinua macho juu hata mara moja, labda kutazama kama paa la chumba chetu litavuja.

Chumba chenyewe kilikuwa Keko, nyuma ya karakana ya Fundi Chande, na kati yetu na karakana palikuwa na ukuta wa plaiwudi tu. Chuo alichokuwa akifundisha kilimpa kiti na rafu ya vitabu, zaidi ya hapo ikawa hadithi, kwa hiyo akakodi chumba mwenyewe. Alichagua Keko kwa sababu moja: umeme ukikatika, Fundi Chande alikuwa anawasha jenereta ili misumeno isilale, na sie tulikuwa tunachomeka waya wetu hapo hapo. Ubaya ulikuwa vumbi. Vumbi la mbao linaingia hata kwenye sukari. Tuliloweka kitambaa tukakiziba chini ya mlango, kompyuta tukazifunika khanga kila tulipotoka, na bado kila asubuhi kazi ya kwanza ilikuwa kufuta. Katikati palikuwa na meza kubwa ya mninga, feni moja, na ukutani picha tulizochapisha za mahali ambapo hakuna mtu atakayefika. Dirisha lilitazama mifupa ya makochi yanayosubiri vitambaa. Watu walipokuwa wakiniuliza kama kazi ya mambo ya anga inachosha kwa kukesha, nilikuwa nawaambia njooni saa saba mchana Keko, mje muone inavyochosha.

Mie nilikuwapo pale kabla yake. Nilikuwa na digrii ya fizikia na kazi ya kupiga polishi. Vitanda, makabati, meza za kahawa, vyote vilipita mikononi mwangu, na nilikuwa hodari, hilo hata leo siwezi kulionea haya. Siku Dokta alipokuja kukagua chumba nilikuwa nimechuchumaa kwenye ubavu wa kabati na msasa mkononi. Nikampa shikamoo yake, akaitikia marahaba. Fundi Chande, ambaye hakuwahi kunyamaza akiwa na la kusema, akamwambia, "Huyu binti naye kasoma hayo hayo mambo yenu yasiyo na mshahara." Dokta akanigeukia. "Nuru hupinda?" akaniuliza, hivi hivi, hata jina langu hajaliuliza. Nikasema ndiyo, ikipita kwenye kioo. "Na ikipita karibu na kitu kizito?" Nikasema nimesoma kwamba inapinda, ila kuamini ni kitu kingine. Akacheka mpaka akashika fremu ya mlango. "Njoo Jumatatu," akasema. "Na uje na khanga, ya kufunikia kompyuta."

Jumatatu hiyo alinifundisha kazi nzima kwa bilauri ya chai. Aliimaliza chai, akaisuuza bilauri, akaisimamisha juu ya meza ya mninga, akaniambia nitazame ile mistari ya mbao kupitia kitako cha bilauri. Mistari iliyokuwa imenyooka ikawa imejikunja kuzunguka kitako, mingine imenenepa, na kijifundo kimoja kidogo cha mbao kikaonekana mara mbili, huku na huku. "Sasa," akasema, "badala ya bilauri weka kundi la galaksi mamia kwa mamia. Uzito wake unavuta hata nuru inayopita jirani. Kitu kilichoko nyuma yake, mbali mno, ambacho darubini yoyote ingekikosa, kinakuzwa na kusogezwa, na pengine kinatokea mara mbili, mara tatu. Sie hatulitafuti kundi. Tunatafuta kilichoko nyuma." Alichokuwa anakitaka nyuma hapo ni galaksi za mwanzo kabisa, zile zilizowaka ulimwengu ungali mchanga, ambazo nuru yake imetembea karibu umri wote wa ulimwengu mpaka kutufikia. Picha zilipigwa na darubini iliyoko angani, na baada ya muda huwekwa wazi, mtu yeyote mwenye intaneti na subira anazishusha. Subira tulikuwa nayo.

Gaudensi alikuja mwezi wa pili, kijana mrefu wa Masasi, mpole, shati limechomekewa hata kwenye joto la Keko. Yeye kazi yake ilikuwa ramani ya uzito. Kutokana na namna nuru ilivyopinda, alikuwa anapiga hesabu kundi lile lina uzito kiasi gani na uzito umekaa wapi, na ukishajua hivyo unaweza kusema kitu cha nyuma kitatokea wapi na wapi. Kundi letu lilikuwa na jina la tarakimu tupu. Sie tukaliita Kariakoo, kwa msongamano wake. Saa saba Mama Rukia, mama ntilie wa ng'ambo ya barabara, alikuwa analeta wali maharage na kisamvu kwenye sinia moja, tunasogeza vibodi vya kompyuta, tunakula kwa mkono, na ukutani tunasikia maisha ya watu: mteja anaapa kwamba sofa imepinda, Fundi Chande anaapa kwamba sakafu ya mteja ndiyo iliyopinda. Dokta alikuwa akiyafurahia hayo kuliko redio. "Sikilizeni hao," alisemaga. "Wanabishana kitu gani kimepinda. Kama sie."

Baada ya kukaa sana na Kariakoo tukapata madoa mawili. Mekundu, hafifu, moja upande huu wa kundi na jingine upande ule, rangi sawasawa, na kwenye picha zilizopigwa kwa nuru ya buluu hayapo kabisa. Hiyo ndiyo dalili ya kitu cha mbali sana, ila galaksi ya karibu iliyojaa vumbi nayo inaweza kukudanganya vivyo hivyo. Gaudensi akakaa na ramani yake wiki mbili. Akaja na jibu zuri mpaka Dokta alisimama: kama madoa haya ni kitu kimoja, na kiko mbali kama tunavyofikiri, lazima kuwe na doa la tatu, hapa, ubavuni mwa galaksi kubwa ya upande wa kusini. Kama kiko karibu, doa la tatu litaangukia kwingine. Tukifungua picha tukalikuta mahali alipopaweka, tuna galaksi ya mwanzo wa ulimwengu, na tuna haki ya kuomba darubini kubwa ya nje ya nchi iichambue nuru yake. Maombi yalikuwa yanapokelewa mara moja tu mwaka ule. Tukafungua picha. Mahali pale palikuwa peupe, pametulia, hakuna kitu.

Sasa niseme kazi yangu ilikuwa nini, maana hapa ndipo nilipokuwa nikijidai. Mie ndiye niliyesafisha picha. Darubini ikiwa angani inapigwa na chembechembe zinazoacha alama, na vipande vingine vya kamera vimekufa, kwa hiyo picha mbichi imejaa makovu. Juu ya hayo, galaksi kubwa za mbele zinawaka kupita kiasi, inabidi nuru yake uitoe kwa hesabu ili cha nyuma kionekane, na ukishaitoa yanabaki mabakimabaki. Nilitakiwa kuondoa makovu yanayojulikana, na mabaki niyaache, niyaandike kwenye orodha. Mie nikayaondoa na mabaki. Sikufanya kwa ujeuri. Mkono ulishazoea. Keko kitu hakitoki mbele ya mteja kina tundu wala alama: unachanganya vumbi la mbao na gundi, unaziba, unapiga msasa, unapaka vanishi, na asiyekuwapo hatajua palikuwa na nini. Nikakuta alama, nikachukua rangi ya jirani zake, nikaziba, nikalainisha. Dokta alimwonyesha kila mgeni. "Picha za Mwana," alikuwa anasema, "safi hizo." Na mie kichwa kilikuwa kinavimba.

Kwa hiyo doa la tatu lilipokosekana, aliyelaumiwa ni Gaudensi. Dokta hakumfokea, hakuwa mtu wa kufoka. Alimwambia arudie. Akarudia. Akasogeza uzito huku, akaupunguza kule, kila safari doa linatakiwa kuwa pale pale na kila safari halipo. Wenzetu wa nje waliokuwa wakiandikiana na Dokta wakashauri, kwa adabu yote, kwamba huenda kijana wake bado hajaiva. Miezi mitatu ikaenda hivyo. Akaanza kuja bila kuchomekea. Siku moja nikamwona Dokta anapiga hesabu za Gaudensi upya kwenye daftari lake, kimyakimya, na Gaudensi naye ameona kwamba nimeona. Ilipobaki wiki moja maombi yafungwe, Dokta akamwita mezani. "Gaudensi, maombi ya darubini tutayaacha mwaka huu," akamwambia. "Na Kariakoo tutaanza upya kwa ramani ya wenzetu." Akajibu, "Sawa, Dokta." Mchana ule akaniambia kuna shule Masasi inatafuta mwalimu wa fizikia, na akaanza kupanga makaratasi yake kwenye boksi la vigae. Nilimwonea huruma. Huruma, mie, nikamwagizia na soda.

Kesho yake nilikuwa peke yangu mezani, nasubiri picha nyingine ifunguke, nikasikia Fundi Chande upande wa pili anamwakia mpiga polishi aliyechukua nafasi yangu, baba mtu mzima aliyetoka Mbagala, mwenye mkono safi kuliko wangu. Kwa upenyo wa plaiwudi nilimwona Fundi na mlango wa kabati mikononi na bawaba haijui pa kukaa. "Nani kakwambia uzibe hapa?" akawa anauliza. "Hili tundu nilitoboa mwenyewe, la bawaba. Nimepima asubuhi nzima. Wewe ukiona tundu unaziba tu?" Yule baba akasema, kwa sauti ya unyonge, alidhani ni la mdudu. Nikakaa pale, kipanya cha kompyuta mkononi. Sikuhitaji mtu aniambie. Nilijua kabisa kwamba ubavuni mwa galaksi ile ya kusini nilishapita na msasa wangu.

Nitasema ukweli, kwa kuwa Gaudensi ataisoma hii. Nilikaa kama saa nzima natafuta namna ya kulirudisha doa bila mtu kujua. Nikafungua mafaili, nikatafuta picha mbichi, nikakumbuka kwamba nilikwisha kuzifuta mwenyewe diski ilipojaa. Nikawaza nizishushe upya polepole, niseme nimeona kitu kipya, niwe shujaa. Lilinipitia hilo. Halafu Gaudensi akaingia kuchukua boksi lake, akaniambia, "Sista Mwana, ile kalamu yangu nyekundu nakuachia," na mie nikashindwa kumwangalia. Nikamwambia asitoke. Nikamwita Dokta kutoka nje alikokuwa anaongea na Mama Rukia, nikasimama kama mtoto wa shule, nikasema: "Ramani ya Gau haina tatizo. Nadhani doa lilikuwapo, na mie nimelifuta."

Dokta alivua miwani. "Umefuta mangapi?" Nikasema sijui. "Uliandika popote?" Sikuandika. "Picha mbichi ziko wapi?" Nikamwambia. Akacheka kidogo bila furaha. "Mwanangu, wewe hujafuta doa. Umefuta na ukoo wake." Nikaanza kulia, akanikatisha. "Usinililie mie. Kufuta kuna dawa, kutokuandika ndiko kulikotula miezi mitatu. Na si miezi yangu." Akamwonyesha Gaudensi kwa kidevu. Gaudensi alikuwa bado amekumbatia boksi. Aliniangalia muda mrefu, hakupandisha sauti. "Miezi mitatu, Mwana," akasema. "Nilikuwa nimeshaamini kwamba sijui hesabu." Nimewahi kutukanwa na watu wanaojua kutukana, Temeke hatujambo kwa hilo, na hakuna tusi lililoniingia kama maneno yale. Nilimwomba radhi, akaitikia kwa kichwa, hakusema yamekwisha. Akaweka boksi chini. Akauliza nani ana intaneti ya maana mji huu, kisha akajijibu mwenyewe: alikuwa na mwenzake Tegeta, ofisi mpya, nyaya nzuri. Akachukua diski, akaondoka.

Alirudi kesho yake adhuhuri na picha mbichi, macho mekundu, akala wali wetu wote na hatukusema kitu. Dokta akatoa utaratibu. Gaudensi akae dirishani, atumie ramani yake ya kwanza, ile ya kabla ya marekebisho yote, aandike kwenye karatasi mahali doa la tatu linapotakiwa kuwa, aikunje ampe yeye. Mie nikae mezani nisafishe upya, kwa masharti, kila ninachokigusa nikiandike, na nikimaliza nitaje kila baki lililosalia ubavuni mwa galaksi ile. Tukafanya hivyo, kila mmoja amempa mwenzake mgongo. Jasho lilikuwa linanitoka mpaka kwenye vidole. Nilipoitoa nuru ya galaksi kubwa yakabaki mabaki manne. Matatu yalikuwapo hata kwenye picha ya buluu, kwa hiyo si yetu. La nne, kwenye buluu halipo, kwenye nyekundu lipo, hafifu, limejinyoosha kidogo upande mmoja. Nikataja namba zake. Dokta akaikunjua karatasi ya Gaudensi, akaisoma, akaisoma tena, akaiweka mezani karibu na yangu. Tofauti ilikuwa ndogo kuliko doa lenyewe.

Hakuna aliyepiga kelele. Gaudensi alizishika karatasi zote mbili, akasema, "Ramani ya kwanza," kisha akainamisha kichwa mezani na mabega yakaanza kutikisika, na Dokta akamwekea mkono mgongoni akauacha hapo. Fundi Chande akachungulia mlangoni. "Mbona kimya hivyo, kuna msiba?" Dokta akamwambia hapana Fundi, ni kinyume chake, akamwagizia chai. Maombi yaliondoka Ijumaa, siku ya mwisho, na kwenye sehemu ya namna tulivyofanya kazi Dokta aliniandikisha kwa mkono wangu mwenyewe kosa zima, aya nzima, nani alifuta nini na lilivyogunduliwa. Nilimwomba tulipunguze. Akasema liko fupi sana. Darubini tulipewa. Kabla mwaka haujaisha waliichambua ile nuru na umbali ukatoka ule ule wa Gaudensi: galaksi ya alfajiri ya ulimwengu, imekuzwa na Kariakoo yetu, imeonekana Keko. Nimefanya mengi tangu siku ile, nimefundisha, nimesafiri, nimepata vyeo vyenye majina marefu. Hakuna kinachonifanya nitembee kifua mbele kama hilo, na sijawahi kulieleza bila kueleza na kosa langu, kwa sababu ukiliondoa kosa hadithi haisimami.

Mwezi wa mwisho tukaalikwa kuieleza kazi mbele ya wataalamu, kwa njia ya intaneti, watu wa nchi mbalimbali kila mmoja kwenye kidirisha chake. Nilidhani Dokta ndiye atakayesema. Aliniketisha mie mbele ya kamera, Gaudensi akakaa pembeni nisipoweza kumwona vizuri, yeye akasimama mlangoni kuwazuia mafundi wasiwashe msumeno. Nikaeleza vizuri mpaka mwisho. Maswali yakaja ya kawaida, kisha mzee mmoja, mtaalamu mkubwa, ambaye nilikuja kujua baadaye kwamba ndiye aliyeandika kwamba kijana wetu hajaiva, akafungua kinywa. Akasema kwa upole mwingi kwamba doa la tatu ni hafifu mno. Akasema picha za aina hii hujaa uchafu, na mtu akiwa na hamu ya kitu hukiona. Tunajuaje kwamba hili nalo si uchafu?

Nikatazama mlangoni. Dokta hakunisaidia hata kwa jicho. Nikamjibu kwa Kiingereza changu cha Temeke, polepole, kila neno lisikike. Nikamwambia swali lako ni zuri, bwana mkubwa, kwa sababu mie nililiona kwanza, na nikadhani hivyo hivyo unavyodhani wewe. Nikalifuta. Sikumwambia mtu. Miezi mitatu baadaye palikuwa bado peupe, na kuna mtu mmoja tu duniani aliyekuwa anasema kuna kitu pale, hajawahi kukiona, ana hesabu tupu, na kila mtu anamwambia amekosea, mkiwamo nyie. Tulipozirudisha picha mbichi lilikuwa limekaa alipolisema. Uchafu haukai unapopangiwa. Yule mzee akauliza ni nani huyo aliyepiga hesabu hizo.

"Ni huyu hapa," nikasema, nikaigeuza kompyuta wamwone.